Kibadala na Kitu Chenyewe: Somo la Chandarua, kutoka Maabara hadi Misungwi



Mwaka huu, kama ilivyo ada ya madrasa nyingi, tulifanya mazoezi ya Hija uwanjani. Tulipanga makasha, tukayafunika kwa kitambaa cheusi, vijana wakavaa shuka mbili nyeupe, tukazunguka mara saba. Tulipomaliza, mtoto mmoja wa darasa la awali akamwuliza mwalimu: "Ustadhi, kwa hiyo sasa sisi ni mahujaji?" Wakubwa wakacheka. Ustadhi hakucheka. Alimwita karibu akamwambia: "Hapana, mwanangu. Umejifunza njia. Kwenda bado hujaenda."

Tumeona kuwa jibu lile ni mlango mzuri wa somo la sayansi la toleo hili. Maana wataalamu nao, katika maabara zao, kila siku hutengeneza vitu vya mfano ili wajifunze njia kabla ya kuiendea safari yenyewe. Wapo wanaokumbuka tofauti kati ya hivyo viwili, na wapo wanaoisahau. Na tofauti hiyo ikisahauliwa katika jambo kama malaria, anayelipa ni mtoto aliyelala chini ya chandarua.

1. KIBADALA NI NINI?

Katika somo hili tutatumia neno moja: kibadala. Kibadala ni kitu kinachowekwa mahali pa kitu kingine wakati wa utafiti au majaribio, kwa sababu kinafanana nacho katika sifa ile inayochunguzwa. Hakifanani nacho katika kila jambo, wala hakikusudiwi kufanana hivyo.

Tuchukue mifano michache. Kabla mashine ya mionzi ya kutibu saratani haijaelekezwa kwa mgonjwa, mafundi huipima kwa kutumia tangi la maji. Maji yale yamekaa mahali pa mwili wa binadamu, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili ni maji, na mionzi hupungua nguvu ndani ya maji karibu sawa na inavyopungua ndani ya nyama. Maji hayana moyo wala mapafu, lakini kwa swali la mionzi yanatosha kuanzia.

Mfano mwingine ni udongo wa mwezi. Udongo uliotoka mwezini ni mchache na una thamani kubwa mno. Kwa hiyo wahandisi wa Marekani walichukua majivu ya volkano huko Arizona, wakayasaga na kuyachekecha mpaka yakakaribiana na udongo wa mwezini, kisha wakavijaribia vifaa vyao humo. Gurudumu likizama katika majivu yale, ni afadhali lizame hapa duniani ambapo fundi yupo karibu.

Na magari nayo hugongeshwa ukutani yakiwa na masanamu ya watu ndani, yenye mbavu na shingo za bandia, ili ijulikane mkanda unaokoa kiasi gani.

2. KWA NINI WATAFITI WANATUMIA VIBADALA?

Sababu ni nyingi, lakini kubwa ni nne.

(a) Usalama. Si halali kumweka mtu katika hatari ili tu tujue jibu, hali kuna njia nyingine ya kulijua.

(b) Uhaba na gharama. Kitu chenyewe huenda ni adimu, kama udongo wa mwezini, au ni ghali.

(c) Muda. Tukitaka kujua chandarua kitakuwaje baada ya miaka 3, hatuwezi kila mara kungoja miaka 3.

(d) Usawa. Watu wawili hawafanani jasho, wala nyumba mbili hazifanani madirisha. Kibadala kilichotengenezwa kwa kipimo kimoja humwezesha mtafiti wa Moshi na mtafiti wa ng'ambo kulinganisha matokeo yao.

Sasa tuache mifano ya mbali, tuje kwenye kitu ambacho kila mmoja wetu hapa Mkuyuni anakijua: chandarua chenye dawa.

3. CHANDARUA KINAVYOJARIBIWA

Kwanza, hata dawa yenyewe ilianza kama kibadala. Zamani watu waliua wadudu kwa maua ya pareto, yanayolimwa katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Dawa ya pareto ni nzuri lakini jua huiharibu upesi. Wanakemia wakatengeneza dawa zinazoiga pareto, ambazo huitwa pairethroidi, na katika miaka ya 1970 wakafikia aina zinazostahimili jua. Kwa miaka mingi hizo ndizo zilizotiwa katika vyandarua. Hapa kibadala kilimpita mwenyewe kwa kudumu.

Chandarua kipya kinapotengenezwa hakipelekwi moja kwa moja vijijini. Hupitia ngazi, na karibu kila ngazi ina kibadala chake. Tuvitazame kimoja kimoja.

Mbu wa mfano. Katika maabara nyingi duniani kunafugwa mbu wanaoitwa kwa jina la jirani zetu: mbu wa Kisumu. Asili yao ni mbu aina ya Anopheles gambiae waliochukuliwa Kisumu, Kenya, upande wa pili wa ziwa letu, wakafugwa kizazi baada ya kizazi. Mbu hawa hawana usugu wowote kwa dawa. Kwa hiyo ni kama jiwe la mizani. Dawa ikishindwa kuwaua hao, hiyo si dawa tena. Lakini ikiwaua, bado hatujajua kama itawaua mbu wa mtaani kwetu.

Ufuaji wa mfano. Kanuni za Shirika la Afya Duniani zilitaka chandarua cha kudumu kibaki na nguvu baada ya kufuliwa mara 20 maabarani, na kidumu miaka 3 nyumbani. Ufuaji huo wa maabara una masharti: sabuni gramu 2 kwa kila lita ya maji, joto la nyuzi 30, kutikiswa dakika 10 kwa mwendo wa mara 155 kwa dakika, kisha kusuuzwa mara 2. Hapo mikono ya mama imewekewa mashine badala yake.

Mtu wa mfano. Katika jaribio moja hutumika njia ya kioo yenye urefu wa sentimeta 60. Ndani yake huwekwa kipande cha chandarua kilichotobolewa matundu 9 yenye upana wa sentimeta 1. Upande mmoja huwekwa sungura au simbilisi, na upande wa pili huachiwa mbu majike wapatao 100. Wanaachwa usiku kucha. Asubuhi wanahesabiwa: wangapi wamepenya, wangapi wameshiba damu, wangapi wamekufa. Sungura yule amekaa mahali pa mtu.

Uchakavu wa mfano. Katika ngazi inayofuata, chandarua kizima hukatwa kwa makusudi matundu 6, kila moja sentimeta 4 kwa 4: mawili kila upande mrefu na moja kila upande mfupi. Ni mahali pa chandarua kilichochanika kwa kukwaruzwa na kitanda, kung'atwa na panya au kuunguzwa na kibatari.

Nyumba ya mfano. Chandarua hicho hufungwa katika kibanda cha majaribio. Afrika Mashariki ina historia ndefu katika jambo hili. Katika miaka ya 1960 mtafiti A. Smith, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, alieleza ujenzi wa kibanda chenye baraza zilizozungushiwa wavu, ili mbu wanaotoroka nje wakamatwe barazani na kuhesabiwa. Vibanda vya namna hiyo hutumika hadi leo. Huzungushiwa mfereji wa maji, na kazi ya mfereji ni kuwazuia sisimizi wasiingie kula mbu waliokufa. Sisimizi wakila mbu kumi, hesabu ya utafiti nayo imeliwa.

Ndani ya kibanda hulala mtu wa kweli, mtu mzima aliyekubali kwa hiari yake baada ya kuelezwa, na anayefuatiliwa afya yake. Basi katika ngazi hii mtu si kibadala tena, na mbu wanaoingia ni mbu wa porini wa eneo lile. Tazameni jinsi vibadala vinavyopunguzwa kidogo kidogo kadiri tunavyopanda.

4. HARUFU YA MTU BILA MTU

Mbu hutufuata gizani kwa pumzi na harufu. Watafiti wakajiuliza: je, twaweza kutengeneza harufu ya mtu, ikatumika mahali pa mtu?

Jambo hili lilifanyika Ifakara, katika bonde la Kilombero. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walitangaza matokeo ya mchanganyiko walioutengeneza kwa amonia, asidi ya laktiki inayopatikana katika jasho, asidi nyingine za aina hiyo, pamoja na hewa ya kaboni kama ile tunayoitoa puani. Waliweka mchanganyiko katika kibanda kimoja na mtu katika kibanda kingine, kisha wakahesabu mbu.

Matokeo yalishangaza. Harufu ya bandia ilivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu mwenyewe. Mtu angeweza kusimama hapo na kutangaza kuwa kibadala kimemshinda binadamu. Lakini watafiti hawakusimama hapo. Waliweka harufu na mtu ndani ya kibanda kimoja, bega kwa bega. Safari hii harufu haikumshinda mtu. Ama walikuwa sawa, ama mtu alivuta mbu zaidi.

Ni kwa nini? Mbu akiwa mbali huongozwa na harufu inayosafiri kwa upepo. Akishafika karibu hutafuta mengine, kama vile joto na unyevu wa mwili. Mchanganyiko uliiga yale ya mbali ukaacha ya karibu. Kwa mwenye kutaka kutengeneza mtego wa kuweka nje ya nyumba, kibadala hiki ni kizuri sana. Kwa mwenye kutaka kuuweka chumbani ili mbu wamwache aliyelala, kitamdanganya. Kibadala ni kilekile, lakini swali limebadilika, na jibu limebadilika nalo.

Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua hili bila kwenda maabara. Taa ya dagaa huwavuta usiku wa giza, lakini mwezi ukiwa mpevu taa ileile haina kazi. Taa haijaharibika. Kilichobadilika ni hali iliyoizunguka.

5. KIBADALA KILIPOKARIBIA KUTUPOTEZA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo.

Kwa miaka mingi mbu wa Afrika wamekuwa wakijenga usugu dhidi ya pairethroidi. Ikabidi itafutwe dawa nyingine. Moja ya dawa hizo huitwa klorofenapiri. Tofauti yake na pairethroidi ni hii: pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu, akaanguka papo kwa papo. Klorofenapiri huingia mwilini ikiwa haina makali. Ni mwili wa mbu wenyewe unaoigeuza kuwa sumu, na sumu hiyo huzuia chembe za mwili zisitengeneze nguvu. Mbu anayeruka na kuhangaika, ambaye mwili wake unafanya kazi nyingi, huigeuza dawa haraka zaidi. Na hafi mara moja. Huenda akafa baada ya siku moja, mbili au tatu.

Kumbe jaribio lililozoeleka zaidi kwa vyandarua lilikuwa hili: kikombe kidogo cha plastiki kama faneli hubandikwa juu ya chandarua, wanatiwa mbu majike 5 kwa dakika 3, wanatolewa, wanahesabiwa walioanguka baada ya dakika 60 na waliokufa baada ya saa 24. Hufanywa mchana, saa za kazi, wakati mbu wa malaria kwa tabia yake ametulia. Kwa pairethroidi jaribio hili lilifaa, maana dawa ile haina haja ya kungoja usiku wala kuruka.

Klorofenapiri ilipopimwa kwa kikombe kile, ilionekana dhaifu. Lau watu wangeishia hapo, dawa ingetupwa. Lakini ilipopimwa katika njia ya kioo usiku kucha, mbu wakiwa macho na wakimtafuta sungura, iliua vizuri. Na katika vibanda vya majaribio pia iliua mbu wa porini waliokuwa sugu. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa Moshi, hapa Tanzania, walichapisha maelezo ya jambo hili na kutaka dawa za namna hii zipimwe kwa njia inayolingana na utendaji wake, yaani usiku, mbu akiwa katika shughuli zake.

Wanafunzi waliosoma misingi ya fiqhi watakumbuka nguzo za qiyasi: asili, tawi, hukumu na illa, yaani sababu inayoviunganisha viwili hivyo. Illa isipokuwepo katika tawi, qiyasi huanguka hata kama vitu viwili vinafanana kwa sura. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Kikombe na chumba cha kulala vilifanana katika jambo moja: mbu amegusa chandarua. Lakini sababu inayofanya dawa ile iue, yaani mbu kuwa macho na mwenye shughuli, haikuwemo kikombeni. Kipimo hakikuwa kibaya. Kiliulizwa swali lisilokuwa lake.

6. KITU CHENYEWE: MISUNGWI

Kutoka Mkuyuni ukipanda gari la kwenda Shinyanga, utapita Nyegezi, Buhongwa na Usagara, kisha utafika Misungwi. Wengi wetu tuna ndugu huko. Huko ndiko vibadala vilikowekwa pembeni.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wakishirikiana na chuo cha tiba cha Moshi, London na wengine, waligawa vyandarua vya aina nne katika wilaya ya Misungwi. Maeneo 84 yalipangwa kwa kura. Aina ya kwanza ilikuwa chandarua cha kawaida chenye pairethroidi peke yake. Aina nyingine tatu zilikuwa na pairethroidi pamoja na kitu cha pili, na moja kati ya hizo ilikuwa na klorofenapiri. Mbu wa eneo hilo walikwisha kuwa sugu.

Hapa hapakuwa na sungura mahali pa mtu, wala mashine mahali pa mikono ya mama. Walikuwepo watoto wenyewe, wa miezi 6 hadi miaka 14, waliopimwa damu.

Baada ya miezi 24, katika maeneo ya chandarua cha kawaida, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8. Katika maeneo ya chandarua chenye klorofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2022. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo la nguvu kwamba vyandarua hivyo vitumike badala ya vile vya pairethroidi peke yake mahali ambapo mbu ni sugu.

Tuzihesabu namba hizo kwa vichwa vya watoto. Chukua darasa la watoto 100. Kwa chandarua cha kawaida, karibu 46 wana vimelea mwilini. Kwa kile kingine, karibu 26. Watoto 20 katika kila 100 ndio tofauti. Na dawa iliyoleta tofauti hiyo ni ileile iliyoonekana dhaifu kikombeni.

Lakini Misungwi ilifundisha na jambo la pili. Kadiri muda ulivyopita, vyandarua vilichanika na idadi ya watu waliolala chini yake ikapungua sana. Kufua mara 20 maabarani hakukuyaonyesha hayo. Jaribio jingine la miaka 3 lililofanywa Tanzania, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2020, lilionyesha kuwa aina tatu za vyandarua zilizopimwa hazikufikia miaka 3 ya manufaa kwa wastani, ingawa zote zilihesabiwa kuwa za kudumu.

Tena yapo mambo ambayo hakuna maabara itakayoyaiga. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya wavuvi upande wa Kenya wa ziwa letu walieleza kuwa vyandarua vingi vilikutwa vikianikia dagaa au vikivulia samaki. Hatusemi haya kwa kuwacheka jirani. Nani katika sisi hajaona chandarua kikizungushiwa bustani ya mchicha? Mtafiti alikata matundu 6 kwa mkasi, lakini hakukata tundu la njaa.

7. PANYA ASIYEKUBALI KIBADALA

Si kila kazi inakubali kibadala. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini tangu mwaka 2000. Panya mmoja kati yao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia.

Panya hao hufundishwa kwa baruti ya kweli, aina ya TNT, iliyotiwa katika vichungio vya majani ya chai vya chuma. Baadaye hupelekwa kwenye uwanja wenye mabomu ya kweli yaliyoondolewa kiwashio. Kilichobadilishwa ni hatari tu, harufu imeachwa vilevile. Sababu yake ni kuwa mnyama akifundishwa kwa harufu ya kuigiza, atajifunza hiyo ya kuigiza. Na siku ya kazi, mtu atakayekanyaga nyuma yake hatakanyaga bomu la kuigiza.

8. ADABU ZA KUTUMIA KIBADALA

Kutokana na hayo tumechuma mambo manne, ambayo mwanafunzi yeyote ayashike, awe anasomea udaktari, ufundi au ualimu.

Kwanza, sema kibadala chako kinaiga sifa gani. Maji yanaiga upungufu wa mionzi. Sungura anaiga damu na joto la mtu.

Pili, sema kinaacha sifa gani. Mbu wa Kisumu hana usugu, na kufua kwa mashine hakuna kitanda chenye misumari. Mtafiti anayetaja la kwanza na kuficha la pili amekula amana.

Tatu, panda ngazi. Anza na kibadala, ukipata jibu sogea karibu zaidi na kitu chenyewe. Usiruke kutoka kikombeni kwenda sokoni.

Nne, kitu chenyewe kikipingana na kibadala, kitu chenyewe ndicho kinachosikilizwa. Usimlaumu mtoto wa Misungwi kwa kuwa hakufanana na kikombe.

9. ZOEZI LA NYUMBANI

Wanafunzi wa madarasa ya juu wafanye zoezi hili nyumbani kwa ruhusa ya wazazi. Watafiti huhesabu uchakavu wa chandarua kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, na vipimo vyake ni viungo vya mwili. Navyo ni vibadala vya rula.

Tundika chandarua, kikague pande zote, na kila tundu ulipange:

Kundi la 1: dogo kuliko kidole gumba (kuanzia nusu sentimeta hadi sentimeta 2). Kila tundu alama 1.
Kundi la 2: gumba linapita, ngumi haipiti (sentimeta 2 hadi 10). Kila tundu alama 23.
Kundi la 3: ngumi inapita, kichwa hakipiti (sentimeta 10 hadi 25). Kila tundu alama 196.
Kundi la 4: kichwa kinapita (zaidi ya sentimeta 25). Kila tundu alama 576.

Jumlisha. Ukipata 0 hadi 64, chandarua ni kizuri. Ukipata 65 hadi 642, kimeharibika lakini bado kinafaa, kishone. Ukipata 643 au zaidi, kimechakaa, kinahitaji kubadilishwa.

Mfano: chandarua kina matundu 6 ya kundi la 1, matundu 3 ya kundi la 2 na tundu 1 la kundi la 3. Hesabu yake ni 6, kuongeza 69, kuongeza 196, jumla 271. Sindano na uzi vitumike jioni hiyohiyo.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza maana ya kibadala kwa maneno yako mwenyewe, utoe mfano mmoja usiokuwemo katika somo hili.
2. Kwa nini mbu wa Kisumu wanafaa kuwa kipimo, na kwa nini hawatoshi?
3. Harufu ya Ifakara ilimshinda mtu katika hali ipi, na ikashindwa katika hali ipi? Eleza sababu.
4. Klorofenapiri ilionekana dhaifu kikombeni lakini ikafaa Misungwi. Ni kitu gani hakikuwemo kikombeni?
5. Kipimo cha ngumi ni kibadala cha rula. Ngumi ya mtoto wa miaka 7 na ya baba yake si sawa. Je, hilo litabadilisha vipi hesabu yako, na utafanya nini ili kupunguza kosa?

HITIMISHO

Wanafunzi wapenzi, yule mtoto wa darasa la awali hakuuliza upuuzi. Aliuliza swali ambalo watu wazima wenye vyeti husahau kuliuliza: je, haya tuliyoyafanya ni kitu chenyewe au ni mazoezi yake? Msione haya kuliuliza mbele ya mwalimu, mbele ya daktari, hata mbele ya muuza duka anayewaambia kuwa bidhaa yake "imethibitishwa". Mwulizeni: imethibitishwa juu ya nini?

Na leo usiku, kabla ya kulala, chomekeni chandarua chini ya godoro.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.